Cha Mvunguni mwa Barabara: Kutoka Gati la Wesha hadi Mtaa wa Kale wa Chake

Simama gatini Wesha maji yakiwa yamepwa, uipe mgongo bahari kuu, utazame mashariki unakoingia mkono wa bahari kuelekea Chake Chake. Utaona tope, mikoko iliyosimama juu ya mizizi yake, na katikati mkondo mwembamba ambao mwenye ngalawa huupita kwa kuyasubiri maji yajae. Mkondo huo ndio uliokuwa barabara kuu ya kwanza ya mji wa Chake. Zamani majahazi yalipanda nao hadi chini ya kilima cha mji, yakashusha mchele na vitambaa, yakapakia karafuu.

Leo jahazi halifiki tena. Mkono umejaa tope, na bandari ya Chake imesogea hadi Wesha, kilomita saba hivi kutoka mjini. Kazi iliyofanywa na maji imechukuliwa na barabara.

Tope hilo halikuletwa na bahari peke yake. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na kwa mwaka hupata mvua ya milimita 1,900 hivi, zaidi ya inayonyesha Unguja. Mvua ikikuta mteremko mtupu, iwe ni shamba lililofyekwa au njia isiyo na mtaro, huuchukua udongo na kuupeleka bondeni. Mikoko huushika, na udongo hulala pale. Mwaka baada ya mwaka, kilichokuwa juu kimeteremka kikaziba njia ya majahazi.

Naanza na tope kwa sababu nataka kusema jambo moja kuhusu kuijenga upya mitaa yetu ya kale, na jambo hilo liko chini ya miguu yetu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Barabara nayo ina mvungu wake: bomba la maji, mtaro, waya, karo na udongo wenyewe. Anayejenga bila kuinama hupata lami nzuri ya msimu mmoja, kisha mvua humlipisha.

Mji uliopandishwa na karafuu

Mwaka 1872 tufani kali iliipiga Unguja na kuing'oa mikarafuu mingi. Pemba ilisalimika, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Fedha za zao hilo ziliinua maduka ya Chake na nyumba zenye vibaraza, zikaleta ofisi na wafanyabiashara kutoka pwani zote za Bahari ya Hindi. Mji ulikaa juu ya mgongo wa kilima, ngome yake ikitazama chini kwenye maji. Sehemu kubwa ya ngome hiyo ilivunjwa baadaye kupisha hospitali. Iliyobaki leo ni makumbusho.

Historia ya upande huu ni ndefu kuliko karafuu. Ukitoka Wesha kwa mashua ukaelekea magharibi utafika Ras Mkumbuu, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. James Kirkman alichimba pale katika miaka ya 1950, na Mark Horton akaja baada yake katika miaka ya 1980. Wako wataalamu wanaoona kwamba huenda hapo ndipo palipokuwa Qanbalu, mji unaotajwa na wasafiri wa Kiarabu wa karne ya kumi. Mbele zaidi kipo kisiwa cha Misali, chenye hifadhi tangu 1998. Kwa hiyo anayepita njia ya Wesha, mvuvi, mgeni au mwenye gari la mizigo, anapita katika ardhi iliyokaliwa na watu kwa zaidi ya miaka elfu.

Ninaposema mtaa wa kale, basi, sina maana ya majumba ya mawe ya Unguja peke yake. Chake ina ukale wake, ingawa si wa fahari. Ni maduka ya milango ya mbao yaliyopangana kwenye njia kuu, vibaraza ambapo wazee hukaa alasiri, na vichochoro vinavyoteremka bondeni. Mji Mkongwe wa Unguja una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, mpango mkuu uliotoka 1994, na jina katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000. Mtaa wa kale wa Chake hauna kinga kama hiyo. Kinga yake ni sisi wenyewe, na uangalifu wa anayekuja na sururu.

Wesha iliyowasha taa

Watu wengi wanaijua Wesha kwa gati na samaki. Wenye umri wanaijua pia kwa ngurumo. Kwa miaka mingi Pemba iliwashiwa taa na mitambo ya dizeli ya Wesha. Mafuta yakipungua au mtambo ukiugua, kisiwa kizima kilijua kabla ya Magharibi.

Mwaka 2010 mambo yalibadilika. Kwa msaada wa Norway, waya wa chini ya bahari wa kilomita zipatazo 78 ulivutwa kutoka Tanga hadi Pemba, wenye uwezo wa megawati 25. Umeme wa gridi ya taifa ukafika, na dizeli ikapumzika.

Kabla ya hapo Unguja ilikuwa imeshatupa somo. Tarehe 21 Mei 2008 umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara hadi Unguja ulikatika, na kwa wiki nne hivi kisiwa kikakaa gizani. Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii kwa miezi mitatu. Waliokuwepo watakwambia kwamba giza halikuwa shida ya kwanza. Shida ya kwanza ilikuwa maji. Pampu za visima huendeshwa kwa umeme, na umeme ulipokwenda mabomba yalikauka. Watoto walibeba madumu kabla ya kwenda skuli, na kinamama walipanga foleni kwenye kisima chochote chenye kamba na ndoo.

Ofisini tumezoea kugawa: haya ni ya Shirika la Umeme, haya ni ya Mamlaka ya Maji, haya ni ya idara ya barabara, na taka ni za Baraza la Mji. Chini ya mtaa hakuna mgawo huo. Waya, bomba na mtaro vimelala kitanda kimoja, na kimoja kikiumwa vyote huamka. Kuijenga upya barabara ya mji ni kuvishughulikia vyote kwa pamoja, au kukubali kwamba vitaharibiana.

Kipindupindu kilichofundisha Unguja

Mji Mkongwe uliyajua hayo kwa gharama kubwa. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia Unguja na kuua maelfu ya watu. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi pale, aliandika kitabu kuhusu maradhi hayo, kikatoka 1876. Aliyatazama maji ya kunywa, visima, na uchafu uliokuwa ukikaa karibu navyo. Mji ulikuwa umejaa nyumba nzuri juu, huku chini kisima na choo vikinong'onezana.

Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alileta maji ya chemchemi kwa mabomba kutoka nje ya mji. Watu wanamkumbuka zaidi kwa Beit el Ajaib, jumba lililokamilika 1883 na ambalo sehemu yake kubwa iliporomoka Desemba 2020. Lakini kazi iliyookoa watu wengi zaidi ilikuwa chini ya ardhi, na mtu haendi kupiga picha mbele ya bomba.

Miaka ya karibuni mji huo umefanyiwa kazi nyingine. Mwaka 2011 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 38 kwa mradi wa huduma za mijini Zanzibar, ZUSP. Mabaraza ya miji ya Pemba, Chake Chake, Wete na Mkoani, yaliingizwa humo pamoja na manispaa ya Unguja. Katika Mji Mkongwe mradi huo ulijenga upya ukuta wa bahari wa Mizingani, uliokuwa ukiliwa na mawimbi chini ya barabara inayopita mbele ya majumba ya kale. Kama ukuta ungeachwa, barabara ingemomonyoka, na nyuma ya barabara ni majumba. Mwaka 2021 ukafuata mradi wa BIG-Z wa dola milioni 150, unaogusa makaazi na huduma za Unguja na Pemba. Fedha za kuinua miji yetu, basi, zimekuwa zikija. Swali ni tunaanzia wapi kuchimba.

Lamu nayo ina la kusema. Mji ule, ulioingia orodha ya UNESCO mwaka 2001, unategemea maji ya ardhini yanayohifadhiwa na vilima vya mchanga vya Shela. Ukitengeneza kila kichochoro cha Lamu na kuviacha vilima vile vijengwe, utakuwa na mifereji mizuri isiyo na maji safi. Huduma ya mtaa mara nyingi huanzia nje ya mtaa. Kwa Chake huanzia kwenye visima na mabonde yanayouzunguka mji, na huishia kwenye mkono wa bahari unaotazamana na Wesha.

Ngazi tatu za bibi

Niruhusiwe kusimulia la nyumbani. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa katika mtaa wa kale, na kuingia kwake ulipanda ngazi tatu. Juu ya ngazi hizo nilikalishwa nikiwa mdogo, nikapewa kisahani cha mbatata nisubiri mvua ipite. Mvua ilipita mbele yetu, chini, ikaenda zake.

Kisha barabara ikatengenezwa. Ilipoharibika ikatengenezwa tena, na kila mara kifusi kilimwagwa juu ya kifusi, lami juu ya lami. Hakuna aliyekwangua kilichokuwepo. Ngazi ya kwanza ikazama, ya pili ikafuata. Siku moja nilirudi safarini nikakuta naingia nyumba ya bibi kwa kushuka. Barabara ilikuwa imeipanda nyumba. Masika yale maji hayakupita mbele yetu. Yalibisha hodi, yakaingia, yakamkuta bibi kitandani.

Mlango ulikuwa wa mvule na ulikuwa umesimama vizazi vitatu. Miaka miwili ya kulowa ilitosha kuoza ncha ya chini ya fremu. Ukuta wa mawe na chokaa ukanyonya maji kama utambi, na rangi ikabanduka hadi kifuani. Mkandarasi aliandikiwa kazi ya barabara na aliimaliza. Katika karatasi zake nyumba haikuwemo.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza cha kazi yoyote katika mtaa wa kale ni ngazi. Kabla greda halijashuka garini, kila kizingiti kipimwe na kuandikwa. Lami ya zamani ikwanguliwe na kuondoshwa. Barabara mpya ikae chini ya vizingiti, mgongo wake ukielekeza maji kwenye mitaro.

Shimo likishafunguliwa

Mtaro unapofunguliwa katika mtaa wa zamani, ardhi husomeka kama daftari. Juu kuna lami nyembamba, chini yake kokoto, kisha kifusi chekundu kilichochanganyika na vipande vya vigae na sahani. Ndani ya kifusi hicho hulala bomba la chuma lililokula kutu hadi likawa kama gome la mti. Pale lilipotoboka limefungwa mpira wa baiskeli na waya, kazi ya fundi aliyeitwa usiku akatatua kwa alichonacho. Shibiri moja pembeni umepita mfereji wa maji machafu usio na saruji. Bomba likiwa limejaa, maji safi huvujia nje. Mgao ukifika na bomba likiwa tupu, yaliyo nje hunyonywa ndani. Hivyo ndivyo maradhi ya mfereji yanavyofika kwenye gilasi ya mtoto.

Mafundi wa Pemba wanajua mpango unaotakiwa. Kwanza ni mtaro wa mvua, wenye upana unaoendana na mvua kubwa ya masika, ukiteremka bila kusita mpaka mahali pa kutoka. Palipo na mteremko mkali, mtaro uwe na vidato vya kuyapunguza kasi maji. Ya pili ni maji machafu, upande mmoja wa njia na chini zaidi. Ya tatu ni bomba la maji safi, upande wa pili na juu zaidi, lenye valvu kila njia panda, ili nyumba moja ikitengenezwa mtaa mzima usifungiwe. Ya nne ni waya. Ya tano ni mabomba matupu ya akiba yanayokatisha njia, hata kama leo hakuna cha kupitisha, maana miaka mitano ijayo kitakuwepo. Lami ndiyo ya mwisho, na hailazwi mpaka kila bomba limejazwa maji na kujaribiwa.

Jambo moja halina gharama kubwa, nalo ndilo tunalosahau: ramani. Wanaojua mabomba ya kale yalipopita ni mafundi wazee, na elimu hiyo wameibeba kichwani. Mzee wa namna hii akitembea mtaani, hukanyaga mahali akakwambia koki iko hapa, kiasi cha mkono mmoja kutoka ukutani. Siku atakapozikwa, ramani itazikwa naye. Kabla ya kuchimba, aitwe, alipwe kama mtaalamu alivyo, atembezwe, na anachokisema kichorwe. Baada ya kuchimba, kilichowekwa kichorwe pia, na nakala ikae kwa sheha, Baraza la Mji, Mamlaka ya Maji (ZAWA) na Shirika la Umeme (ZECO).

Wenye mtaa

Mtaa wa Pemba hauna kazi moja. Msimu wa karafuu ukifika, majamvi hutandikwa pembeni mwa njia na karafuu mbichi huanikwa juani. Kijani hugeuka kahawia, na mji mzima hunukia. Mwenye jamvi hutazama wingu kama mvuvi, kwa sababu mvua ya nusu saa inaweza kumharibia kazi ya wiki. Anayepanga ratiba ya ujenzi bila kuujua msimu huo atakuta vumbi la kifusi limelala juu ya karafuu za watu. Kazi nzito ya kuchimba ipangwe baada ya masika kuisha, ipite sehemu kwa sehemu, na msimu wa karafuu upishwe.

Vivyo hivyo kwa maduka. Mwenye duka dogo la kibarazani hula kwa alichouza jana. Mtaa ukifungwa miezi mitatu, hana akiba ya kusubiri ufunguliwe. Achimbiwe upande mmoja huku upande wa pili ukipitika, awekewe ubao imara mbele ya mlango, na aambiwe tarehe ya kweli. Watu wa Pemba ni wastahamilivu sana kwa anayewaambia ukweli.

Na kibaraza kisiguswe. Kwa mhandisi anayesaka nusu mita ya upana, kibaraza ni kikwazo. Kwa mtaa ni mahakama ndogo, shule ya watoto, chumba cha wageni na ofisi ya wasio na ofisi. Magari makubwa yaendayo Wesha yatafutiwe njia ya kuzunguka mji. Njia ya kale ibaki kwa watu, baiskeli, mikokoteni na gari ndogo.

Maji yatatoa hukumu

Pemba ina zaidi ya watu 540,000 kwa hesabu ya sensa ya 2022, na miji yake mitatu inakua kila mwaka. Lami itawekwa, hilo halina shaka, na inastahili. Mama anayekimbizwa hospitali ya Chake kutoka Wesha usiku hana haja ya mashimo yenye historia.

Lakini siku kazi itakapokwisha, ningependa tusiipime kwa utepe na picha. Tuisubiri masika. Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, mtu mmoja ashuke hadi bondeni, pale mitaro ya mji inapotoa maji kwenye mikoko, achukue maji hayo kwenye gilasi ayaangalie. Yakiwa meupe, ujue waliojenga waliinama. Yakiwa na rangi ya udongo, ujue kilima bado kinateremka, na njia ya majahazi tuliyoipoteza bado inazikwa zaidi, kiganja kwa kiganja, kuelekea Wesha.